Aliyevisha Viti Nguo

Nilikuwa sokoni Kasulu, asubuhi yenye ukungu, nimeinamia gunia la maharage, muuzaji aliponiambia kwamba yule dada wa mapambo ya harusi amefariki. Aliisema habari hiyo kwa sauti ya kawaida huku mkono wake ukiendelea kuchota, nami nikamwitikia "ahaa" kana kwamba ameniambia barabara ya Kigoma imefungwa kidogo kwa matengenezo. Ilinichukua muda kuelewa nilichoambiwa. Alikuwa ameshikwa na homa kali, akapelekwa hospitali akiwa bado anazungumza, na hakurudi. Wasomaji wa safu hii mnanijua: nikipata habari mbaya, akili yangu haisimami palepale, hutoka ikaenda matembezi. Siku ile ilitembea palepale sokoni, kwa sababu marehemu naye alikuwa mteja wa gunia lile, ingawa mara nyingi hakununua maharage ili ayapike.

Alikuwa akinunua kiganja cha kila aina. Ya njano, meupe, yenye madoa, ya rangi ya damu ya mzee, na yale madogo ya kijivu ambayo wanunuzi wengi huyapita. Bibi harusi mtarajiwa akija kwake na simu iliyojaa picha za kumbi za Dar es Salaam, dada huyu alizipokea kwa adabu, akazitazama zote, halafu akamwaga maharage yake kwenye sinia. "Chagua moja," alikuwa akisema, "na usifikirie sana." Nilikuwapo siku muuguzi mmoja, mgeni wa mkoa huu kama mimi nilivyokuwa zamani, alipookota harage lenye madoa na kuanza kulia, eti ndilo bibi yake alilokuwa akipika sikukuu. Rangi za harusi yake zilitoka hapo: vitambaa vya rangi ya maziwa, na utepe mwembamba wa damu ya mzee ukipita huku na huku bila mpango unaoonekana. Ukiingia ukumbini ulihisi umeshawahi kufika mahali pale, labda utotoni, labda usingizini. Nimekuwa mwenyekiti wa kamati nyingi za harusi katika mji huu, cheo ambacho hupewa mtu anayependa kuongea na asiye na kazi baada ya kustaafu ualimu, na nakiri kwamba vikao vingine nilivihudhuria kwa sababu ya lile sinia tu.

Alizaliwa kijiji kimoja cha Kibondo, akaletwa Kasulu kwa shangazi yake ili asome. Jumamosi shangazi alimtuma kuuza ndizi kwenye soko la Mtabila, enzi hizo kambi ya wakimbizi ingali imejaa watu, na huko akamwona mama mmoja wa Kirundi aliyekuwa akikaa mbele ya kibanda chake akitunga shanga. Hawakufahamiana kwa maneno mengi. Msichana alisimama akatazama, Jumamosi iliyofuata akasimama tena, hata mama yule akasogea kwenye mkeka na kumwachia nafasi. Kambi ilipofungwa mama alirudi kwao na hawakupata kuonana tena, lakini mikufu, bangili na mataji madogo ya shanga ambayo mabibi harusi wetu wameyavaa miaka hii yote yalianzia kwenye mkeka ule. Kutoka shanga aliingia kwenye vitambaa, kutoka vitambaa akaingia kwenye kumbi, na mwishoni watu wenye nyumba za wageni wakaanza kumwita awapangie vyumba. Hata sebule yangu aliipitia. Aliyatazama makochi yangu yaliyoegemea ukuta pande zote nne na kuniambia, "Mwalimu, hapa wewe unakaa au unafanya mkutano?" Nilicheka, nikayasogeza, na tangu hapo ninakunywa chai dirishani nikitazama vilima.

Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuweza kumfurahisha, naye ni mama yake mzazi. Mama huyu alilima mahindi na maharage kule Kibondo, akamsomesha mwanawe kwa jembe, na alichotaka ni kumwona akiingia chuo cha ualimu hapa Kasulu. Nafasi ilipatikana. Binti akaiacha. Alipomweleza mama yake kazi aliyoichagua, mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo wewe unavisha viti nguo?" Binti alinisimulia jambo hilo akicheka, lakini alilisimulia mara nyingi mno kwa mtu anayeliona kuwa mzaha. Alitaka mama yake aingie ukumbini mara moja tu, aone, halafu aseme lolote. Kila alipopamba harusi upande wa Kibondo au Kakonko alimtumia ujumbe. Mama alijibu kwamba kuna palizi, au mguu unauma, au ng'ombe wa jirani amezaa.

Baadaye likatokea la matawi. Ilikuwa harusi ya kijijini, njia ya kwenda Kakonko, mojawapo ya harusi zake za kwanza za nje, mbali na kuta za ukumbi. Alfajiri, yeye na wenzake wawili walikata matawi mabichi na kuyalaza kando ya barabara, kutoka kanisani hadi nyumbani kwa bwana harusi, ili maharusi wapite katikati ya kijani kitupu. Nilifika mapema na ninaapa palikuwa pazuri, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni na majani yaking'aa kwa umande. Kichwa chake kilikuwa kimejaa kijani kile kiasi kwamba alisahau jambo ambalo kila mtoto wa nchi hii analijua, kwamba matawi yakilazwa barabarani, mbele pana msiba. Malori yakaanza kupunguza mwendo. Dereva mmoja alizima muziki. Bodaboda walivua kofia. Na ibada ilipokwisha, kina mama wa kitongoji cha jirani walitokea kwa mstari, wamejitwisha kuni, khanga zimefungwa viunoni, mmoja wao ameshaanza kulia taratibu.

"Ni nani?" akauliza yule wa mbele. "Mzee au bibi?"

Dada wa mapambo alikuwa amesimama na ngazi mkononi, uso umempauka. Aliyemwokoa ni baba wa bwana harusi. Alitazama kuni, akatazama matawi, akaelewa yote. "Ni kijana wangu," alisema, "amekwisha. Ameoa." Kina mama walishusha kuni zao, wakatazamana, na kile kilio kikageuka vigelegele kabla machozi hayajakauka. Kuni zikaingia jikoni. Nimehudhuria sherehe nyingi, na sikumbuki nyingine iliyokuwa na wageni wengi hivyo ambao hawakualikwa, wala iliyochangamka hivyo.

Sisi tulikwenda na kicheko hicho hadi Kasulu. Habari zilipofika kwa mama yake hazikuwa kicheko. Mama alisema ule ni uchuro, mtu haiti msiba njiani akatarajia usipite kwake, na akaapa hatakanyaga kwenye shughuli yoyote ya binti yake. Nilimwambia marehemu kwamba wazee huapa na kusahau. Akanijibu, "Wangu hasahau, Mwalimu. Akisahau kitu ni makusudi." Akaendelea kutunga shanga. Nilimwonea huruma kuliko nilivyoonyesha, maana najua mtu mzima anaweza kusifiwa na wilaya nzima na bado akawa anasubiri neno kutoka mahali pamoja.

Niache kidogo nizurure. Nilipohamia mji huu kikazi, harusi ilikuwa turubai, viti vya kuazima shuleni na maua ya bustani ya padri. Kazi zilikuwa zile tulizozijua, ualimu, uuguzi, ofisi, duka na jembe. Siku hizi kijana anakuambia anaishi kwa kupiga picha, kuoka keki, kufunga vilemba, kuchora kucha, na sisi wazee tunaitikia kwa kichwa huku tukisubiri amalize atuambie kazi yake hasa ni ipi. Tunadhani uzuri ni kitu cha kufanywa kazi ikishakwisha. Lakini nikikumbuka maisha yangu nikiwa peke yangu, sikumbuki vikao vya ofisi. Nakumbuka mwanga ukipita kwenye kitambaa chepesi saa kumi za jioni, mkufu wa shanga ukipanda na kushuka kwenye shingo ya msichana anayevuta pumzi kabla ya kusema "ndiyo", na ukumbi mzima uliotulia ghafla. Kuna mtu alikaa akaufikiria utulivu ule, akaupima, akapanda ngazi kuufunga darini kwa pini. Kama hiyo si kazi, basi sijui sisi wengine tulikuwa tunafanya nini.

Tulimzika Kibondo, kijijini kwao, mvua ikinyesha kidogo. Siku ile hakuna aliyethubutu kutaja matawi, ingawa nilijua wapo walioyakumbuka, na nilijua mama yake alikuwa wa kwanza kuyakumbuka.

Wiki mbili baadaye mama akaja Kasulu kuchukua vitu vya mwanawe. Ufunguo wa chumba alikuwa nao mmoja wa wenzake wa kazi, na mwenzake huyo alikuwa ukumbini, kwa sababu ilikuwa Jumamosi na palikuwa na harusi. Ilikuwa harusi ya mwisho ambayo marehemu aliipanga mwenyewe. Rangi zilishachaguliwa, vitambaa vilishashonwa, mkufu wa bibi harusi ulishakamilika, na wenzake wawili walikuwa wakifuata alivyowaelekeza. Mimi nilikuwapo kama kawaida yangu, nikihesabiwa kuwa msaada. Mlango ukafunguka, akaingia mama na mfuko wake, khanga nyeusi kichwani.

"Mwakeye," alitusalimia kwa Kiha. "Nimekuja kwa vitu vya mwana wanje, mwanangu. Ufunguo uko kwenu."

"Uko hapa, mama," msichana mwenye ufunguo akajibu kutoka juu ya ngazi. "Karibu ukae, nashuka."

Hakukaa. Alisimama katikati ya ukumbi akatazama juu. Harage lililochaguliwa safari hiyo lilikuwa lile dogo la kijivu, na dada yule alikuwa amelifanya kijivu cha alfajiri ya huku kwetu, vitambaa vyepesi vikishuka kutoka darini kama ukungu, na chini kabisa, pembeni mwa meza, rangi ya njano kidogo, jua linapotaka kutoka. Mama alitembea polepole akigusa kitambaa kimoja baada ya kingine kwa ncha za vidole. Msichana alishuka na ufunguo, akasimama nao mkononi, akaona haya kumkatisha.

"Haya yote ni yeye?"

"Ni yeye, mama. Sisi tunafunga tu."

"Mimi nilijua ni nguo za viti," alisema mama. "Kumbe mtu akiingia hapa anajiona alikuwa anasubiriwa."

Akageuka akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima mle ndani. "Mwalimu, na mimi angenisubiri hivi?"

Msichana ndiye aliyejibu, kwa upole, macho yake yakiwa chini. "Alikuwa anakusubiri, mama. Kila Jumamosi, mpaka maharusi waingie, alikuwa anatazama mlangoni."

Mama aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu naye, kiti kilichovishwa, akakaa hapo mpaka vigelegele viliposikika nje. Kisha akachukua ufunguo wake, akatokea mlango wa nyuma ili asiwaletee maharusi khanga nyeusi.

Ndugu msomaji, huenda una mtoto anayefanya kazi usiyoielewa. Anapamba, anachora, anatunga shanga, anarekodi muziki chumbani. Huhitaji kuielewa, wala huhitaji kuisifu. Muulize anaifanyia wapi, panda basi uende, uingie kwa mlango wa mbele wakati bado yeye mwenyewe yupo wa kukuona ukiingia.