Shomari wa Boti ya Doria Hakuona Vibaya

Moyo wangu unakataa kabisa. Shomari, nahodha wa boti ya doria pale hifadhi ya bahari, tumemzika jana Utende. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun.

Mnaonifahamu, mimi mhudumu tu wa ofisi ile. Nafagia, napika chai. Leo nivumilieni.

Alikuwa na utani huyo! Nikipanda boti: "Bi Zuhura, kaa katikati. Ukiegemea upande tunazama na ofisi inakosa chai." Jamani!

Siku ile alinipa lifti kwenda kisiwani Chole, nina hitma ya shangazi. Saa saba mchana. Katikati ya ghuba injini ikazima yenyewe.

Mbele yetu, juu ya maji, kitu kimesimama. Cha mviringo, rangi ya risasi, kikubwa kuliko msikiti wetu. Hakina sauti. Chini yake bahari imelala kama mafuta kwenye sahani. Mara hakipo.

Shomari akaandika report. Wakaja maafisa wawili wa serikali kutoka bara, wapole, na fomu zao. Wakaniita na mimi.

"Mama, ulikuwemo botini. Uliona nini?"

Nikasema, "Nilijifunika kanga usoni, baba. Jua lilikuwa kali."

Niliogopea kazi yangu. Niliogopa kuitwa mwenye mashetani. Kuficha ushahidi ni dhambi, na nilijua hivyo wakati mdomo unasema.

Shomari hakunigombeza. "Haya, Bi Zuhura. Basi nitatafuta picha."

Kwa kukosa shahidi, wakaandika ameona vibaya kwa sababu ya jua. Mtaani wakamcheka: "Shomari, wageni wako wa juu hawajambo?" Akawa anatoka peke yake kila mchana, simu mkononi.

Jumanne boti ikakutwa imetia nanga palepale. Viatu vimo, simu imo. Yeye wavuvi wa Ndagoni walimpata siku ya pili, hana hata mkwaruzo. Na hakuna aliyemshinda kuogelea ofisi nzima.

Simu waliichukua wale maafisa. Wanasema haina kitu.

Leo asubuhi nimempigia mmoja, nataka fomu niandike upya. "Mama, faili limefungwa. Pumzika."

Nikamuuliza, "Kama hakuna kitu, mbona tumeambiwa boti zisipite pale?" Akakata simu.

Basi naandika hapa, mbele ya Mungu na mbele yenu. Niliona. Macho yangu yalikuwa wazi, nilikiona kama ninavyoiona simu hii.

Nisamehe, kaka yangu. Ulihitaji neno moja kutoka kwangu, nami nimelileta umeshafukiwa.

Lala, Shomari, lala katika usalama wa Mola wako.