Mapipa ya Diwani Mawson

Ezra Bickle alizoa taka za mji wa Harthwaite kwa miaka kumi na minne, tangu aliporudi vitani na sikio moja limekufa. Mkewe Hetty alimfulia ovaroli mbali na nguo nyingine, kwenye beseni la uani. Kila mumewe aliporudi kutoka kazini alimpigia kelele mlangoni: "Vua huko huko, mzee! Usiniletee jaa ndani."

Jaa likawafuata lenyewe. Diwani Mawson, mwenyekiti wa kamati ya usafi, aliamua taka zote za mji zimwagwe kwenye shimo la kale la udongo, nyuma kabisa ya nyumba ya akina Ezra. Wanawake wa mtaa walipokwenda kulalamika, aliwacheka.

"Harufu haijamuua mtu, mama zangu. Inafungua mapafu."

Joto lilipoingia, nzi walitanda juu ya mkate na maziwa. Agosti Hetty akashikwa na homa ya matumbo. Siku ya kumi na saba akakata roho. Kilichomkereketa Ezra kuliko yote ni kwamba taka zile alizimwaga yeye, kwa mikono yake.

Hakulia mbele za watu. Mwaka uliofuata akaomba apangiwe barabara ya matajiri, alikokaa Mawson.

Kulikuwa na amri aliyoitia sahihi Mawson mwenyewe: mabaki ya jikoni yafungwe kwenye gazeti, la sivyo pipa lisichukuliwe. Mwenyewe hakuifuata, wala hakuna mzoa taka aliyewahi kuthubutu kumkumbusha. Juni yote Ezra alifunua mapipa ya Mawson, akachungulia, akarudisha vifuniko taratibu, akapita.

"Bwana Bickle, tafadhali," mpishi, Bibi Olive, alimsihi. "Vichwa vya samaki vinatembea!"

"Wewe sina neno nawe, dada. Mwambie tajiri yako asome amri yake."

Bibi Olive alimwambia. Mawson akajibu hafundishwi kazi na mzoa taka.

Wiki ya tano Mawson alialika wakubwa wa mji kunywa chai bustanini. Meza zilitandikwa vitambaa vyeupe, na nzi wakatua juu ya keki kama zabibu. Mabibi walipepea kofia zao. Ezra alipofika na gari lake la farasi, Mawson alimtokea uso mwekundu.

"Bickle! Ondoa uchafu huu sasa hivi, mpumbavu wewe!"

"Sawa, Bwana Diwani."

Akabeba pipa la kwanza begani. Badala ya kwenda garini, akapita katikati ya wageni na kulimwaga lote juu ya meza kuu. Funza wakaanguka kwenye vikombe. Bibi mmoja akatapika kwenye maua.

"Vuta pumzi, Bwana Diwani," Ezra alisema. "Inafungua mapafu. Hetty wangu aliivuta mpaka mwisho."

Alifukuzwa kazi kabla ya jua kuzama, akafungwa wiki sita. Mawson hakugombea tena udiwani. Kila aliposimama jukwaani watu walimzomea kwa mlio wa nzi. Shimo halikufungwa ila baada ya miaka minne.

Ezra alipata kibarua katika kiwanda cha matofali. Kasisi alipomuuliza kama amemsamehe yule mtu, alitikisa kichwa.

"Pipa la pili sikulifikia, Baba. Hilo tu ndilo ninalojutia."