Siku Shija Alipoitamka Mbarali

Watu husema ulimi hauna mfupa. Waliosema hivyo hawakumwona Shija Budeba akijifunza kusoma taarifa ya habari. Wake ulikuwa na mfupa, na mfupa wenyewe ulikuwa herufi moja tu: "r".

Kwao, kwenye tambarare za Usangu, wilaya ya Mbarali, herufi hiyo haikuwa na kazi. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia huko na ng'ombe wao kabla yeye hajazaliwa, na lugha yao iliishi vizuri bila hiyo "r". Habari ni habali, redio ni ledio, Mbarali yenyewe ni Mbalali, na hakuna aliyewahi kupotea njia ya kurudi nyumbani kwa sababu hiyo. Shija alikua akisema hivyo, akamaliza sekondari akisema hivyo. Alipoingia chuo cha utangazaji Iringa ndipo alipoambiwa kwamba ana kasoro.

Aliyemwambia ni mwalimu Veronika, mama mpole aliyefundisha usomaji wa habari, na alimpa dawa papo hapo: bana kalamu kwenye meno, soma ukurasa mzima kwa sauti, itoe, kisha usome tena. Shija akabana kalamu mwaka wa kwanza, akabana na mwaka wa pili. Asubuhi bwenini, wenzake wakichana nywele, yeye anatokwa na mate kwenye kanga. Taya zikamuuma hata kutafuna nyama ikawa shughuli.

Na "r" ikaja, tena ikaja na balaa lake. Ulimi ukishatishwa haujui tena mahali pa kukaa, ukaanza kuipeleka "r" hata pasipoitwa. Siku moja darasani, akisoma habari ya afya, akawashauri wananchi "kurara mapema ndani ya vyandarua". Darasa likaangua kicheko, na mwalimu Veronika naye, pamoja na upole wake, akajifunika uso kwa karatasi. Tangu siku hiyo Shija akawa mtu wa mitambo. Kwenye vipindi vya redio alipandisha sauti ya huyu na kushusha ya yule. Kwenye vya televisheni alisimama nyuma ya kamera. Alikuwa hodari, nani abishe? Lakini hakutoka Usangu kuja kupandisha sauti za watu wengine, na jambo hilo lilimuuma kuliko taya.

Mwaka wa mwisho ikaja fildi, mafunzo ya kazini. Shija na mwenzake Lea, binti wa Iringa mjini mwenye maneno ya kuteleza kama bamia, walipangiwa kituo kimoja cha redio jijini Mbeya, wakapanga chumba mtaa wa Soweto. Sharti la chuo halikuwa na mjadala: kila mwanafunzi asome taarifa ya habari hewani, japo mara moja, na mkuu wa chumba cha habari athibitishe. Asiyesoma anarudia mwaka.

Na kama hilo halikutosha, kulikuwa na baba. Mzee Budeba aliposikia kwamba binti yake yuko kwenye redio inayofika mpaka Usangu, aliwatangazia watu kwenye mnada wa ng'ombe bila kuhitaji maiki. Tangu hapo, kila mchana inapokaribia saa saba, alikuwa akienda kukaa na wenzake kwenye mashine ya kukoboa mpunga, redio mapajani, kumngoja Shija asome. Habari zikiisha, anampigia simu binti yake, akimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Bado, mayu?"

"Bado, baba."

"Haya. Sisi tupo."

Shija alijua wanavyomcheka. Kaka yake Kulwa alimweleza kwamba kuna jirani aliyeuliza mbele za watu kama kazi ya binti wa Budeba huko redioni si kufagia. Kesho yake mzee alikuwa palepale, redio mapajani.

Mkuu wa chumba cha habari aliitwa Asukile, mtu wa Tukuyu, ambaye yeye mwenyewe akisema haraka "vizuri" humtoka kama "fisuri". Lakini yeye hakuwa akisoma hewani, basi nani wa kumrekebisha? Kila Shija alipomuuliza zamu yake, aliambiwa wiki ijayo. Wiki ijayo ikifika, inasogezwa mbele. Shija anatoka Soweto asubuhi na mvua ya Machi, matope mpaka kwenye kifundo, anashinda kwenye mitambo, anarudi chumbani na kubana kalamu. Alichoka. Si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huu alikuwa akiamka nao.

Katika uchovu huo akabuni ujanja. Akipewa habari kuiandika, aliichambua kama mtu anayechambua mchele, akitoa kila neno lenye "r". Barabara ikawa njia kuu. Rasilimali, neno lililobeba "r" na "l" pamoja, likawa mali za nchi. Serikali ilimsumbua sana, mwishowe akaandika "viongozi".

"Viongozi gani?" Asukile akamuuliza. "Wa kwaya?"

Chumba kizima kikacheka. Shija naye akacheka, maana kulia kazini si adabu.

Ijumaa ya mwisho wa fildi, Asukile akapita mezani kwake bila kunyanyua macho kwenye simu yake. "Saa saba wewe. Tumalize hilo jambo."

Mtu angedhani atarukaruka. Hakuwa na nguvu hizo. Alitoka kwenye korido akampigia baba. "Leo, baba. Saa saba."

"Nilijua!" mzee akapaza sauti, na nyuma yake ng'ombe wakasikika. "Nilijua! Ngoja niwaambie."

Asubuhi nzima Shija alichambua taarifa yake mpaka ikawa safi, kila neno amelipima. Zilipobaki dakika chache, Asukile akamletea karatasi moja zaidi. Mvua ilikuwa imevunja daraja.

"Hii inaongoza," alisema. "Na usibadilishe hata neno. Daraja ni daraja, serikali ni serikali, Mbarali ni Mbarali."

Shija akaisoma karatasi, akakwama kwenye neno moja. Mbarali. "R" na "l" zimekaa pua na mdomo, na neno lenyewe halina badala. Barabara unaweza kuikwepa. Kwenu utakuitaje?

Akaingia studio. Upande wa pili wa kioo Mika, fundi mitambo wa zamu, alimwonyesha dole gumba. Taa nyekundu ikawaka. Shija akaanza, na kila alipoiona "r" mbele yake alipunguza mwendo, akauweka ulimi mahali pake kwanza, ndipo akaitoa. Da-ra-ja. Se-ri-ka-li. Alipofika Mbarali alivuta pumzi. Ikatoka. Ikatoka nzima, kila herufi kitini pake, na mara ya pili vilevile, na mara ya tatu. Aliisikia kwenye hedifoni na kushangaa, maana ilikuwa kama jina la wilaya ya watu wengine.

Lakini mwendo wa tahadhari hula muda. Kwa desturi ya kituo kile, msomaji hutaja jina lake mwishoni, akishamaliza habari zote. Shija alipofika hapo, saa ya ukutani ilikuwa imeshampita, na tangazo lililolipiwa halimngoji mtu. "Aliyekusomea ni..." alisema, na Mika akashusha sauti yake, kwa ustadi uleule ambao Shija alizoea kushusha za wengine. Hewani likaingia tangazo la mbolea.

Asukile alikuwa mlangoni, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. "Fisuri sana! Mbarali umeitamka kama mtoto wa Dar." Akatia sahihi palepale, akiwa amesimama.

Basi Shija amefaulu. Miaka ya kalamu mdomoni imelipa. Aliingoja furaha ije, haikuja; kilichokuja ni kutamani kulala. Akatoka kwenye korido na simu ikaita.

"Shikamoo, baba."

"Malahaba, mayu." Sauti ya mzee ilikuwa chini. "Tumesikiliza wote, mpaka mwenye mashine kaizima. Kasoma dada mmoja wa mjini. Kasoma vizuli, na kututaja katutaja. Tukangoja zamu yako, wakaweka mambo ya mbolea. Wamekunyima tena?"

"Baba, yule dada ni mimi."

Mzee akaguna.

"Ni mimi, baba. Habari ya daraja la Mbarali nimeisoma mimi."

"Mbona na mimi unanisomea?" mzee akasema taratibu. "Sauti ya mwanangu naijua. Kama wamekukatalia sema tu, mayu, mimi sitakasilika. Usinifunike maneno."

Shija akatafuta maneno ya kumjibu. Kila neno lililokuja lilikuja limepigwa pasi, tayari kwa taa nyekundu, na hakujua ni tangu lini amekuwa akizungumza hivyo hata na baba yake. Hofu ikamshika, hofu kubwa kuliko ile ya studio. Akaegemea ukuta. Akauacha ulimi ulale unapotaka.

"Baba," akasema, "ni mimi Shija. Nimesoma habali ya dalaja la Mbalali. Nimechoka, baba. Nimechoka sana."

"Eeeh!" mzee akalipuka. "Sasa ndiyo wewe!"

Shija akamsikia akigeuka na kuwapigia kelele wenzake: ni yeye, yule dada wa mjini ni yeye! Akasikia watu wakibisha, mmoja akisema haiwezekani, mwingine akicheka. Alijifuta macho kwa kiganja. Baba akarudi kwenye simu, anahema kwa furaha.

"Hawa wabishi, hawaniamini. Kesho ukisoma, sema hivi hivi unavyosema sasa, ili wakujue."

Fildi ilikuwa imekwisha. Kesho asubuhi yeye na Lea walikuwa wanapanda basi kurudi Iringa.

"Haya, baba," Shija akasema.