Chuma cha Kulia

Harufu ya chuma kilichopigwa na jua naijua kuliko harufu ya udi. Gereji ya ami yangu Salum ilikuwa Ras Al Khor, na kiangazi nilichotimiza miaka tisa hoteli moja ilimletea vazi la chuma la askari wa kale wa Kizungu, limebonyea, alinyooshe likasimamishwe mlangoni. Mimi nilipenda mikono yake: bomba la juu, bomba la kigasha, na katikati kikombe cha kiwiko chenye bawa kama sikio, vyote vimeshikwa kwa ribiti na mikanda ya ngozi.

Nimezaliwa natumia kushoto. Shangazi Zuhura, aliyenilea mama alipofariki, alinipiga mwiko kila nilipogusa wali kwa mkono ule. Salum akaja na akili yake. Akanivika chuma kimoja mkono wa kushoto, akajaza matambara kisipwaye, akakaza ribiti za kiwiko. “Vaa, jemadari. Samaki mkunje angali mbichi.” Anasema mkunje, na huku anakaza nisikunjike. Zuhura alicheka, amenishika bega. Siku kumi na mbili, nalala nacho. Mchana kiliwaka, na bawa likanichimba mbavu na kiwiko mpaka nyama ikafunguka. Nikakitazama kile kingine mezani, bawa lake limeelekea upande wa pili, nikaelewa. “Ami, hiki cha mkono wa kulia.” Nikapigwa kofi.

Hata Mmisri wa hoteli alipofuata mali yake, aliniona akashika kichwa. “Yaa Salum, hiki cha kulia. Kulia na kushoto hujui?” Mafundi wakacheka. Salum akakifungua, kikatoka na ngozi yangu. Jioni ile nilikula kwa kushoto mbele yao, nikiufuata mkono kwa kichwa kwa kuwa haukukunjika. Zuhura akainua mwiko. Nikamwambia, “Piga, shangazi, ila kwanza uliza kushoto ni upi.” Akaushusha.

Leo nakaribia hamsini, mkono haukunjiki wote, na ndio unaoandika haya. Zuhura alikufa bila kuniomba radhi. Salum, mzee sasa, alikuja kwangu Deira siku ya Idi. “Yaliyopita si ndwele, mwanangu.” Nikapandisha mkono wa nguo. “Ndwele hii hapa, ami, kiwikoni.” Wanasema mkono usioweza kuukata, ubusu. Wake sikuubusu. Nilimmiminia kahawa, nikamnyooshea kikombe kwa mkono wa kushoto, nikangoja. Akakipokea.