Chupa Ishirini na Nne Bila Dawa

Watu wakiniuliza kazi yangu, nasema napima ukali wa bahari. Moshi wa dunia nzima unaishia majini na kuyatia asidi, na maji ya kwenye barafu, kwa kuwa ni baridi, huishika hewa ya moshi huo zaidi, kama soda ya friji inavyoshika gesi. Konokono wadogo wa huko maganda yao yanalika wangali hai. Nimeifanya kazi hii miaka mingi kutoka hapa Brussels, na watu hunisifu. Ah, wangejua!

Aliyenifundisha kujaza chupa alikuwa fundi wa maabara yetu, baba mmoja wa Likasi, rika la marehemu baba yangu. Nilimwita papa, yaani baba, naye aliniita mtoto wake mbele ya Wabelgiji wote bila haya. Maji ya bahari yana vijidudu. Ukiyafunga hivi hivi vinaendelea kupumua humo ndani, na vipimo vinaharibika. Ndiyo maana kila chupa hutiwa tone la sumu ya zebaki, sisi tunaiita dawa, kisha unaweka alama daftarini. Papa ndiye aliyeichanganya dawa hiyo hapa mjini, akanikabidhi kabla ya safari yangu ya meli kwenye barafu ya kusini.

Kule kusini, siku moja vidole vimekufa ganzi na mimi nawaza chai tu, niliweka alama ishirini na nne kwa mkupuo, nikikusudia kutia dawa baadaye. Sikutia. Nilikuja kukumbuka siku tatu zimepita, kreti imeshafungwa na kuteremshwa ghalani. Ningesema pale pale, yangeisha kwa kuchekwa. Lakini nilikuwa Mwafrika pekee melini, na nilishajiapiza kwamba hakuna atakayenicheka. Kiburi hicho, jamani, sijui nilikirithi kwa nani.

Miezi baadaye vipimo vya kreti ile vikatoka vya ajabu. Mkuu wa maabara akaniuliza kulikoni. Nikamwambia labda dawa ilikuwa hafifu. Labda! Mtu mzima mimi, nikajificha nyuma ya neno moja. Mwaka ule mkataba wa papa haukuendelezwa, na alipokuja kuniaga nilijifanya niko kwenye simu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imedumu miaka tisa, ikanipa na cheo.

Mwaka jana nilialikwa kuzungumza katika jengo moja karibu na kituo cha metro cha Schuman. Mlangoni, aliyekuwa anakagua mifuko ni papa, ndani ya sare ya mlinzi, nywele zimekuwa nyeupe. Alinisalimia kwa furaha, akauliza habari za mama yangu. Niliona aibu. Nikaanza kutafuta maneno kuhusu ile dawa, naye akanikatiza kwa upole huku akinirudishia mkoba.

"Bon, mutoto yangu, nilijua tangu ile mwaka. Mulirudisha chupa ya dawa, nikaipima mbele ya kuitupa, kama kawaida. Ilibakia mingi kupita hesabu ya daftari."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nakungoya useme weye mwenyewe."

Foleni nyuma yangu ilikuwa inasukuma. Nikapanda juu. Nikaonyesha michoro yangu, watu wakaitikia kwa vichwa, na mwishoni mama mmoja wa safu ya mbele akauliza kwa nini mstari una pengo, vipimo vya kusini vya mwaka ule vimekwenda wapi. Swali jepesi kabisa. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, na papa alikuwa ghorofa moja tu chini yangu.

Nikajibu kwamba kulikuwa na tatizo la dawa.

Kisha nikatokea mlango wa gereji, nisipite tena kwa papa.