Nyayo za Devaki

Cheerutha alikuwa amezalisha karibu kijiji kizima, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko pilipili. Hata wenye mashamba ya mpunga walimpisha njiani. Majirani walipandisha mmea utambaao wa menthonni kwenye nyua zao wapate kuyatazama maua yake mekundu yenye kingo za manjano. Kwake mmea huo uling'olewa kila ulipochipua.

Mzizi wake ni sumu, lakini ukisagwa na kupakwa nyayoni mwa mzazi aliyekwama, mtoto hushuka. Sharti ni moja: mtoto akitoka, nyayo zioshwe papo hapo, la sivyo dawa huendelea kuvuta. Miaka ishirini nyuma Devaki alijifungua binti asiyelia. Cheerutha akahangaika na mtoto mpaka akalia. Alipogeuka, mkeka umelowa damu na nyayo za Devaki bado zina dawa. Devaki akafa. Watu wakasema ni kazi ya Mungu, naye hakuwaambia ukweli. Tangu siku hiyo Devaki humjia mchana kweupe, hukaa mlangoni kanyoosha miguu, hasemi kitu.

Sasa binti yule, Ammini, alikuwa kwenye uchungu siku ya pili, na mto umefurika, hospitali haifikiki. Mama mkwe wake, Narayani, alikuwa amekwisha kusaga mzizi. Cheerutha alikataa mara mbili kuja. Alipoingia hatimaye, Devaki alikuwa ametangulia, kakaa mwisho wa mkeka.

“Mama yako nilimuua mimi,” akamwambia Ammini. “Nilisahau kumwosha.”

“Najua, bibi. Nyanya alikuwepo, aliniambia kabla hajafa.” Ammini akatulia uchungu upite. “Ndiyo maana nikasema uitwe wewe. Mwingine anaweza kusahau. Wewe huwezi.”

Cheerutha akapaka dawa. Haukupita muda mrefu, mtoto akatoka. Hakulia.

Kila mshipa wa Cheerutha ulitaka kumshika yule mtoto. Akamtia mikononi mwa Narayani, akamwambia ampulizie, akageukia miguu na mtungi wa maji. Akasugua visigino, akasugua kati ya vidole, huku nyuma yake kimya kikizidi kurefuka. Machozi yakamtoka, hakugeuka. Ndipo mtoto akalia.

“Bibi, basi,” Ammini akasema. “Zimetakata.”

Cheerutha akasogeza mtungi pembeni kidogo, akamimina maji mwisho wa mkeka, mahali ambapo Ammini aliona patupu.

“Zako ndiyo,” akasema. “Bado za mama yako.”