Jina Nililoandika Mara Mbili

Haya ninayoandika si ya kuwatisha watoto ili walale. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na akili zangu zote zikiwa kichwani. Mwanangu Mutua yuko hai, muulizeni. Wafula amestaafu na kurudi kwao Bungoma, Achieng' anakaa Umoja na wajukuu wake, nao waulizeni. Mimi sikusoma sana, lakini jina la mtu halinipotei. Ploti yetu ya kwanza Baba Dogo naweza kuitaja mlango kwa mlango hata leo, kuanzia Mama Nduku aliyekaa karibu na choo mpaka Barasa fundi viatu kule mwisho. Jina langu ndilo sitaliandika hapa. Nililipoteza nikiwa hai, na nitawaambia lilivyopotea.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mutua alikuwa kijana wa kazi kwa wapima ardhi, yeye ndiye mshika cheni ya kupimia. Huko maporini walikokuwa wakitembea alijifunza mchezo kutoka kwa mgeni mmoja waliyefanya naye kazi. Unachukua mkebe, unatia ndani daftari dogo, penseli, na vikorokoro, labda kifungo, labda shanga. Unaufunga kwa nailoni maji yasiingie, halafu unakwenda kuuficha mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hapandi. Kisha unawapa wenzako maelekezo: simama hapa, elekea Kilima Mbogo, hesabu hatua mia na arobaini, shuka. Atakayeufikia anaandika jina lake kwenye daftari, anachukua kitu kimoja na kuacha kingine. Basi, hakuna zawadi. Mnauliza faida yake ni nini? Hata mimi niliwauliza hivyo hivyo.

Walikuwa watatu. Mutua, na Wafula rafiki yake aliyefanya kazi ya reli, na Achieng', karani wa ofisi moja mjini, msichana mwembamba lakini vidole vyake vilishika jiwe kama koleo. Mkebe wa kwanza waliuficha juu ya tangi la maji. Wa pili ulikuwa ndani ya mtaro mrefu unaopita chini ya barabara, ambapo maji yalikuja mpaka kiunoni. Wa tatu ndio uliokuwa mgumu. Mutua aliuficha kwenye timbo la mawe lililoachwa, ng'ambo ya mto kuelekea Njiru, enzi hizo huko ni nyasi na mbuzi tu. Ukuta wa lile timbo ulikuwa mrefu kama ghorofa nne, na chini yake kulikuwa na maji ya kijani yasiyojulikana kina. Mkebe ulikuwa katikati ya ukuta. Na sheria yao moja hawakuipindisha: kila mtu aandike kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa mimi. Mwaka huo nilikuwa nimeanza ngumbaru, lile darasa la watu wazima. Tulikaa kwenye jumba la kanisa saa nane mchana, mimi na Nekesa na Wanza na Mama Zipora na wengine, na Mwalimu Jerusha akatufundisha kila mmoja jina lake kwanza. Wiki ya tatu jina langu likatoka bila kuangalia ubao. Niliandika kila mahali, ukutani kwa makaa, kwenye vumbi la mlangoni, mpaka kwenye unga kabla sijausonga. Mtu ambaye hajawahi kutia kidole gumba kwenye wino mbele ya kijana wa miaka ishirini hawezi kuijua furaha ile. Lakini nisiwadanganye, nilijua jina langu tu. Ungeniambia niandike "maji", ningekutazama.

Jumamosi moja vijana hao wanakula muthokoi kwangu wakiusifu mkebe wa tatu, nikasema na mimi nataka kuandika jina langu humo. Wafula akacheka mpaka akaweka sahani chini.

"Mathe, ile si ngazi ya kanisa."

"Wewe Wafula, mimi nimechunga mbuzi kwenye majabali ya Mbooni kabla baba yako hajaoa."

Achieng' akasema wacha aende, mathe ni noma. Mutua alikataa, akakataa tena, mwisho akaenda kutafuta kamba.

Nilivaa suruali yake, mara ya kwanza na ya mwisho maishani, na leso juu yake. Mutua na Wafula walibaki juu wakishika kamba niliyofungwa kifuani. Achieng' alishuka akasimama ng'ambo ya maji ili aniangalie. Njia yenyewe ilikuwa ukingo tu uliochongwa na wachimba mawe wa zamani, upana wa mguu mmoja. Unaupita uso ukiwa ukutani, unahamisha mkono, unahamisha mguu, hutazami chini. Jiwe lilikuwa na joto kama sufuria. Katikati ya njia ukuta umetokeza kama tumbo, na ukishazunguka hapo, wa juu hawakuoni, wa chini hakuoni.

Kabla sijazunguka nikasikia nyundo. Ko, ko, ko. Mtu anavunja kokoto.

Niambieni, mngefanya nini? Mimi nilifanya nilivyolelewa. Humpiti mtu akiwa kazini bila kumsalimu. Nikasema, hata sijamwona, "Pole na kazi."

Nyundo ikanyamaza. "Nimeshapoa," sauti ikajibu.

Nyuma ya lile tumbo kulikuwa na kibaraza cha mawe cha kutosha kitanda kimoja. Pale aliketi mwanamke, miguu ameinyoosha, rundo la kokoto katikati ya mapaja, nyundo mkononi, kitambaa kichwani. Mweupe wote kwa vumbi. Wanawake wa namna hiyo tuliwaona kila siku kwenye matimbo, kwa hiyo sikushtuka. Kilichonijia, niaminini, kilikuwa wivu. Nikajiuliza huyu amefikaje hapa bila kamba? Nikadhani kuna njia nyingine, na hawa watoto wananichezea.

Mkebe ulikuwa kwenye ufa nyuma yake. Akajisogeza nipite. Nikafungua, nikatoa daftari, nikaona majina matatu. Nikaandika langu chini yao, polepole, ulimi nje. Yeye alikuwa akinitazama.

"Watatu wamekuja hapa," akasema, "wameandika mbele yangu, hawakunisalimu."

Nikamwambia vijana wa siku hizi, tuwasamehe tu.

"Wewe unajua kuandika?"

Hapo ndipo nilipokosea, si pengine. Ningesema najua jina langu tu, ningerudi nyumbani nikiwa mzima. Lakini nilikuwa nimetoka kuandika mbele yake kama karani, na katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo kwa macho ya kutamani. Nikasema, "Najua."

"Basi na mimi niandike. Nimekaa sana hapa, jina langu haliko popote."

Akanitajia jina lake na jina la baba yake. Alilitaja kwa upole, kama mtu anayekupa mtoto mchanga umshike. Nililisikia vizuri. Nikainama kwenye daftari, penseli ikasimama. Herufi zake sikuwa nazo hata moja. Nikawaza, huyu hajui kusoma, atajuaje? Mkono ukaandika kile ulichokijua. Nikaliandika jina langu mara ya pili, chini ya lile la kwanza.

"Ndilo hili?" akauliza.

"Ndilo."

Akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza, akakipitisha mpaka ya mwisho. Kisha akatamka jina langu. Si lake alilonitajia, langu, na mimi sikuwa nimemwambia naitwa nani. Akalirudia mara mbili kama mtu anayejaribu kiatu. Akatabasamu, akasema asante.

Wakati huo manyunyu yalianza. Nikalifunika daftari kwa leso, nikamtazama. Matone yalikuwa yakinipiga usoni, yanalowesha mawe pande zote, na vumbi la kichwani mwake lilikuwa kavu kama unga. Akainuka. Akapita mbele yangu kwenye ukingo ule ule niliokuja nao, hakushika ukuta, akatembea kama mtu anayekwenda dukani. Nilipogeuka kutazama rundo la kokoto, palikuwa na jiwe tupu na nyasi.

Nilivyorudi sijui. Nakumbuka kamba ikinibana na Mutua akinivuta mabegani. Achieng' alipanda kutoka chini akihema, uso umemgeuka rangi.

"Mama Mutua, nimekuona ukitoka mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza nilikupungia mkono, ukaniangalia tu. Na hukuwa na kamba."

Wafula hakufanya mzaha. Alikunja kamba, tukarudi nyumbani.

Jumatatu nilikwenda darasani, nikajifariji kwamba huko ni kwa Mungu. Mwalimu Jerusha akafungua rejista, akaanza kuita. Nekesa akaitika, Wanza akaitika. Akaita jina langu. Kabla sijafungua mdomo, sauti nyuma yetu ikasema, "Nipo."

Mwalimu akatia alama, akaendelea na jina la Mama Zipora. Wanza akanicheka, akasema siku hizi unaongea kwa mgongo. Nikageuka. Benchi la nyuma lilikuwa tupu, na kwenye mbao zake kulikuwa na vumbi jeupe pale mtu anapokalia.

Tangu hapo ikawa hivyo. Mama Nduku akaniuliza mbona aliniita kule kwenye soko la Huruma nikaitika nisisimame. Barasa akaniona njia ya mtoni nikiwa nimelala kitandani na malaria. Nilimwambia pasta, tukaomba, nikapata nafuu ya wiki moja.

Nikasema dawa ni moja, nirudi nikamwandike vizuri. Nilisoma ngumbaru kama mwenda wazimu. Mwaka mmoja baadaye hakukuwa na neno ambalo singeweza kuliandika. Mutua akanipeleka timboni tena na kamba ile ile, nikazunguka lile tumbo la ukuta, nikasema pole na kazi. Kimya. Nikafungua mkebe, nikafuta jina langu la pili kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka, nikashika penseli niandike lake.

Halikuja.

Mimi huyu ninayejua majina ya wapangaji waliokufa zamani. Mimi ninayejua jina la mbuzi aliyevunjika mguu nikiwa na miaka saba. Nilikaa pale mpaka Mutua akaanza kuniita kwa hofu, na jina la yule mwanamke lilikuwa limeng'oka kichwani kama jino, nahisi nafasi yake tu. Palipokuwa na jina lake palikuwa na langu.

Nilitafuta watu waliofanya kazi timboni. Nikampata mzee Kilonzo, akaniambia ndiyo, ukuta uliwahi kuwaangukia wanawake wa kokoto msimu wa mvua, zamani. Waliokuwa na watu wao walifukuliwa. Mmoja hakuulizwa na mtu, na mwenye kazi alisema hajui kama kuna anayekosekana, maana vibarua hakuwaandika popote. Nikamuuliza aliitwa nani. Mzee akatikisa kichwa.

Kisha Mutua akaoa, akamwoa Kasiva, msichana mzuri wa Kangundo, na kifungua mimba wao akawa wa kike. Kwetu sisi Wakamba, msichana wa kwanza anachukua jina la mama wa baba yake. Hiyo ndiyo njia ya mimi kubaki duniani nikishakufa. Nilikuwa nimemsukia kiondo kidogo tayari. Siku walipomleta nyumbani, Kasiva akaketi, akanipakatisha mtoto, akaniambia huku akicheka:

"Mama, kule wodini nilimwita huyu kwa jina lako, mwanamke mmoja mlangoni akaitika naam. Kumbe mna jina moja."

Nikamuuliza alikuwaje.

"Wa kawaida tu. Nadhani ni wa mjengo, alikuwa na vumbi kichwani. Akaingia akamtazama mtoto, akauliza, 'Huyu ni wangu?'"

Nilimrudishia mtoto. Nikasema jina langu asipewe, si leo, si kesho. Kasiva alilia, akadhani nimemkataa binti yake, na Mutua ambaye alijua yote alitoka nje akasimama kwenye mvua. Tukamwita Mumbua, yaani wa mvua, kwa sababu ya mvua hiyo. Tangu wodini hajawahi kumwona tena yule mwanamke, na hilo ndilo pekee nililoweza kumfanyia. Wajukuu wanne wa kike nimepata tangu hapo, hakuna mwenye jina langu.

Timbo lilijazwa takataka, juu yake sasa kuna maghorofa. Mimi naitwa Susu, yaani nyanya, au Mama Mutua. Hospitalini muuguzi akiita jina lililo kwenye kitambulisho, nasubiri kwanza nisikie kama kuna mwingine anayeitika. Mara mbili ameitika.

Kwa hiyo nyinyi mnaopanda mahali pagumu kuacha majina yenu, mwamba, pango, tangi, popote, mkikuta mtu kazini msalimuni, si vibaya. Lakini akikuomba umwandikie na hujui, mwambie hujui. Aibu hiyo itakuchoma dakika moja tu.

Na kama kuna familia iliyokuwa na dada, au mama, au shangazi aliyevunja kokoto upande wa Njiru akakosa kurudi nyumbani, nawasihi mje mniambie aliitwa nani. Nimezeeka, macho hayaoni vizuri, lakini kuandika naweza.